Belti ya Taiming Inayoogelea Kwenye Oili

Belti ya taiming ndiyo inayounganisha krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua valvu. Ukitaka kujua hali ya ile inayofanya kazi ndani ya oili, usianze na belti. Anza na chujio la pampu ya oili, lile kombe dogo lenye wavu linalokaa chini kabisa ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Lishike mkononi, uliinue kwenye mwanga. Wavu safi unaona upande wa pili bila shida. Wavu wa injini ambayo belti yake imeanza kuoza una vitu viwili. Kuna punje nyeusi laini, kama masizi ya chungu yaliyolowa, ambazo ukizisugua kati ya vidole zinanyumbuka kama kifutio cha penseli. Kuna pia nyuzi nyembamba zilizosokotana kama nywele kwenye tundu la bafu. Punje ni mpira wa belti. Nyuzi ni kitambaa kilichokuwa kimevika meno yake. Vitundu vichache vilivyobaki wazi katikati ya uchafu huo ndivyo vilivyokuwa vikinywesha injini nzima.

Wenye magari haya hupenda kuuliza belti itakatika lini. Kwa belti kavu swali hilo ni la haki. Hii ya ndani ya oili mara nyingi inaua injini ikiwa bado iko mahali pake na meno yake yote. Inamomonyoka polepole, makombo yanashuka kwenye sampu, pampu inayanyonya, chujio linaziba, presha ya oili inashuka, na wa kwanza kuumia ni turbo au beringi za krankshafti. Makanika anafungua, anaikuta belti haijakatika, anasema shida ni pampu. Pampu inabadilishwa, makombo yanabaki, na baada ya miezi michache gari linarudi gerejini likivutwa kwa kamba.

Kabla ya kuingia ndani zaidi, wengi wapumue kwanza. Toyota nyingi zinazotoka Japani hazimo katika habari hii. Injini za 1NZ ya Premio na Fielder, 2NZ, 1ZZ ya Wish na 2AZ ya Harrier zote zinatumia cheni. 1KD ya Prado na Hilux ina belti, 5L ya Hiace ina belti, EJ20 ya Subaru ina belti, lakini zote hizo ni belti kavu zinazokaa nje, nyuma ya kifuniko. Kwao oili ni sumu: sili ya kamshafti ikivuja tone kwa tone juu ya belti kavu, belti imekwisha. Ford Ranger za 2.2 na 3.2, ambazo zimejaa hapa Uganda, ni cheni pia.

Wanaohusika ni wenye Ford za 1.0 EcoBoost, injini iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwenye Focus kisha Fiesta na EcoSport. Peugeot na Citroën za 1.2 PureTech, pamoja na Opel na Vauxhall za miaka ya karibuni zilizopewa injini hiyohiyo. Honda Civic ya 1.0 turbo iliyouzwa Ulaya. Na Ford za dizeli za 2.0 EcoBlue, injini ya mwaka 2016 iliyoingia kwenye Transit na Ranger za baada ya zile za 3.2. Nyingi ya hizi ndogo hutufikia kutoka Uingereza, kwa kuwa nao wanaendesha usukani kulia. Ukiwa kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa nchini, na hujui gari limetoka wapi, tazama namba ya chasisi. Gari lililotengenezewa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. La Uingereza lina herufi na tarakimu 17 mfululizo. Zikiwa 17, uliza ni injini gani kabla hujauliza bei.

Kuna mtego mmoja umenasa hata mafundi wazuri. Ford ilibadilisha matoleo ya baadaye ya 1.0 EcoBoost: kamshafti zikapewa cheni, lakini pampu ya oili ikabaki na belti yake fupi, palepale ndani ya oili. Mwenye gari anaambiwa "hii ni cheni, haina shida", naye analala usingizi mzito. Mwishoni mwa 2023 Ford iliyaita magari karibu 140,000 Marekani, ya Focus za 2016 hadi 2018 na EcoSport za 2018 hadi 2022, kwa sababu tenshena, kifaa kinachoikaza belti hiyo ya pampu ya oili, ingeweza kuharibika, na pampu ikisimama injini inakosa oili. Volkswagen za dizeli za familia ya EA288 nazo zina kitu kama hicho: belti kubwa ya taiming ni kavu, iko nje, kila mtu anaijua na anaibadilisha, nyingine ndogo inazungusha pampu ya oili ndani, na hakuna anayeitaja.

Kwa nini waliiweka humo

Swali la haki, maana mtoto wa gereji wa wiki mbili tayari anajua mpira na oili havipatani. Wahandisi walitaka injini nyembamba, tulivu kuliko yenye cheni na isiyopoteza nguvu kwa msuguano. Belti hii si mpira wa kawaida. Imetengenezwa kwa mpira wa naitrili uliotiwa hidrojeni, unaostahimili oili na joto. Ndani yake zimepita kamba za nyuzi za kioo, na meno yamevikwa kitambaa chenye tefloni. Ikipata oili iliyokusudiwa, ikiwa safi, inafanya kazi yake vizuri. Ford iliandika miaka 10 au kilomita 240,000 kwa EcoBoost. Kwa PureTech nako walianza na miaka 10, kisha mtengenezaji akarudi nyuma mwenyewe hadi miaka 6 au kilomita 100,000. Ukiona aliyekiunda kitu amepunguza umri wake namna hiyo, jua amekwisha kuona mengi.

Sasa kinachoila. Cha kwanza ni petroli. Nyingi ya injini hizi za petroli zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na injini ikiwa ya baridi sehemu ya petroli hiyo inalowesha ukuta wa silinda, inapenya kwenye ringi na kuishia kwenye sampu. Safari ndefu inaipasha oili hadi petroli inatoka kama mvuke. Safari ya kumpeleka mtoto shule na kurudi, dakika 10 huku na 10 kule, haitoshi. Mpira ule unastahimili oili. Haukuumbwa kukaa ndani ya mchanganyiko wa oili na petroli. Unavimba, unalainika, kitambaa cha meno kinaanza kubanduka pembeni. Kwenye EcoBlue na dizeli nyingine zenye chujio la masizi, dizeli inaingia kwa mlango mwingine: injini inapojaribu kuchoma masizi hupuliza dizeli ya ziada, na ukiizima katikati ya zoezi hilo kila siku, dizeli hiyo inateremka kwenye oili.

Hapo kuna dalili ambayo watu huifurahia badala ya kuiogopa. Unachomoa kijiti cha kupimia oili na unakuta oili imepanda juu ya alama. "Gari langu halili oili, linazalisha!" Hakuna injini inayozalisha oili. Nusa kijiti. Ukisikia petroli au dizeli, hesabu ya kilomita haina kazi tena: imwage leo.

Cha pili ni oili yenyewe, na hapa ndipo Uganda inapoiumiza belti hii kuliko Ulaya. Mazoea yetu ni oili nzito, 20W-50 au 15W-40, mara nyingi ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Kwa 5L iliyochoka hakuna ugomvi. Kwa belti ya ndani ya oili, uzito ni nusu tu ya tatizo. Kila oili ina viungo vyake vya kusafisha na kuzuia asidi, na mtengenezaji wa injini alipima belti yake ndani ya viungo maalumu tu. Kwa hiyo usitafute "oili nzuri". Tafuta namba. Kwa 1.0 EcoBoost ni WSS-M2C948-B, uzito 5W-20. Kwa 2.0 EcoBlue ni WSS-M2C950-A, 0W-30. PureTech nyingi zinataka PSA B71 2312, 0W-30, ingawa lazima uthibitishe kwa mwaka wa gari lako kwenye kitabu chake. Namba hiyo iwe imeandikwa nyuma ya dumu, herufi kwa herufi. Maneno ya "inafaa magari ya Ulaya" ni ya muuza duka. Dumu liwe na sili yake, na ununue mahali utakapoweza kurudi na risiti. Kiasi chenyewe hakitishi: PureTech ya turbo inachukua lita 3.5 hivi, EcoBoost lita 4 na kidogo, kwa hiyo dumu la lita 5 linatosha na kubaki ya kuongezea.

Cha tatu ni dawa za kusafisha injini. Kuna fundi anayemwaga oili ya zamani, anatia nusu lita ya dizeli au mafuta ya taa, anawasha injini dakika tano "kuosha", kisha anamwaga tena. Kwa injini hii ni kama kumwosha mtoto kwa magadi. Vichupa vya kusafishia vinavyouzwa kaunta navyo ni walewale, vimevaa suti. Uchafu unaoshwa kwa kubadili oili mapema mara mbili au tatu mfululizo, basi.

Na cha nne ni saa. Dashibodi inakuonyesha kilomita. Belti na oili vinahesabu saa. Gari linalozunguka Kampala kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, na kwenye jamu ya Wandegeya hata hiyo 20 ni ndoto, linafanya kazi saa 500 kufikisha kilomita 10,000. Linalokwenda Gulu na kurudi kwa wastani wa 80 linafikisha kilomita zilezile kwa saa 125. Ni oili ileile, umri mara nne. Ndiyo maana ratiba ya kilomita 10,000, sembuse zile za Ulaya zinazozidi hapo, haifai kwa gari la mjini hapa. Sisi tunasema 5,000 au miezi sita kwa gari la foleni, lolote litangulie, na lisizidi 8,000 kwa gari la barabara kuu. Belti yenyewe tungeitoa kati ya kilomita 80,000 na 100,000, au miaka sita. Atakayesema tunaogopa kupita kiasi alinganishe bei ya belti na bei ya injini nzima.

Gari jipya kwako, la zamani kwao

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo EcoBoost ya 2014 iliyofika Kampala 2025 imeingia kihalali kabisa, ikiwa na miaka 11, na belti ambayo hata kwa maandishi ya ukarimu ya mtengenezaji ilipaswa kutoka mwaka mmoja kabla. Haijalishi dashibodi inasoma 60,000. Tena kilomita chache kwa miaka mingi ni dalili mbaya kwenye injini hii, maana yake gari lilikuwa la bibi wa kwenda sokoni na kurudi: safari fupi, injini baridi, petroli kwenye oili.

Faida ya gari la Uingereza ni kwamba historia yake ya ukaguzi wa kila mwaka inaonekana kwenye tovuti ya serikali yao kwa kutumia namba ya usajili ya kule. Utaona kilomita zake, kwa maili, mwaka hadi mwaka. Usichoona hapo ni oili gani ilitiwa. Kitabu cha sevisi chenye mihuri kikiwepo ni cha thamani; kisipokuwepo, ichukulie belti kuwa imekwisha na uingize gharama hiyo kwenye mapatano ya bei.

Palepale kwenye bondi, injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili. Kwenye PureTech belti inaonekana hapohapo chini ya tundu, karibu ya kuigusa kwa kidole. Mulika kwa tochi. Mgongo wa belti yenye afya ni mweusi usiong'aa, tambarare, kingo zake zimekatwa sawasawa kama kwa wembe. Ile inayooza inaonyesha mipasuko midogo ya kukata upana, kama udongo wa ziwani uliokaukiwa na maji, au inang'aa na kunata, au kingo zimeanza kutoa nyuzi. Kuna pia kipimo maalumu, kipande cha chuma chenye mwanya, kinachoshushwa kupitia tundu hilohilo na kuvikwa juu ya belti. Belti ikigoma kuingia kwenye mwanya, imevimba, na belti iliyovimba inatoka. Zungusha injini kwa mkono kwa spana ili uone mzunguko wote. Sehemu moja nzuri si ushahidi wa zilizobaki.

EcoBoost haikuonyeshi kwa urahisi hivyo. Huko utahitaji kamera ndogo ya waya, au kushusha sampu na kutazama chujio. Kushusha sampu ni kazi ya asubuhi moja na inakupa jibu lisilobishaniwa. Tahadhari ni moja: sampu hizi hazina gasketi, zinafungwa kwa silikoni. Fundi mwenye mkono mzito anapaka kama anasiriba ukuta, silikoni inafinywa kwenda ndani, inakatika vipande, na wiki ya pili chujio ulilolisafisha linazibwa na silikoni. Uzi wa milimita 3 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, juu ya chuma kilichofutwa kikauka.

Dalili nyingine zinakuja gari likiwa barabarani. Taa nyekundu ya oili inayopepesa injini ikiwa ya moto na umesimama kwenye taa, kisha inazima ukikanyaga mafuta. Mlio wa kugonga sekunde mbili tatu asubuhi. Mashine ya daignosi ikisoma P0011 au P0016, kodi za kosa la taiming ya kamshafti, usikimbilie kubadilisha sensa. Mfumo wa kugeuza kamshafti unaendeshwa kwa presha ya oili, na vichujio vyake vidogo huziba kwa makombo yaleyale. Kwenye PureTech kuna moja ya kutisha zaidi: pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Pampu inayolisaidia breki inazungushwa na kamshafti na inalainishwa na oili hiyohiyo. Njia yake ya oili ikizibwa na makombo, inapoteza nguvu. Mtu akikuambia breki za Peugeot yake zimekuwa nzito, usianze na magurudumu. Fungua kifuniko cha oili.

Taa nyekundu ikiwaka na kubaki imewaka, zima injini papo hapo ukiwa umeegesha pembeni. Usiseme tumalizie msitu wa Mabira tukatazame Lugazi. Beringi za krankshafti hazihitaji kilomita kumi kunoki; dakika moja ya presha sifuri inatosha.

Kuibadilisha

Hii ni kazi ya siku nzima kwa fundi aliyekwisha kuifanya, na ya siku mbili kwa anayejifunza, ukihesabu muda wa silikoni kukauka. Usimpe mtu asiye na vifaa vya kufungia taiming vya injini hiyo hasa. Alama ya chokaa, iliyofanya kazi miaka yote kwenye injini za Toyota za 3S na 5A, hapa ni maafa. Krankshafti ya EcoBoost haina kii kinachoshikilia gia ya belti. Vyote vinabanwa kwa nguvu ya bolti moja tu ya puli. Ukilegeza bolti hiyo bila kufunga krankshafti na kamshafti kwa pini zake, taiming imepotea na hakuna alama ya kurudia. Valvu zikikutana na pistoni, umenunua silinda hedi.

Bolti yenyewe imekazwa kwa nguvu ya kutisha, halafu ikaongezwa pembe. Wanaojaribu kuifungua kwa kuweka gia na kukanyaga breki, au kwa kuegemeza pini ya taiming, huvunja pini na kupinda vitu vingine. Inataka kifaa cha kushika puli na mtarimbo mrefu. Ikishatoka haitumiki tena. Mpya inakazwa kwa kipimo cha kitabu, hatua ya torki kisha ya pembe, si kwa "nimeikaza sana".

Puli nayo ina siri. Injini ya silinda tatu inatikisika kwa asili yake. Ford, badala ya kuweka shafti ya kusawazisha, waliifanya puli na gurudumu la nyuma ya injini kuwa na uzito usiolingana kwa makusudi, ili mtikisiko mmoja uue mwingine. Kwa hiyo puli ina mahali pake pamoja tu pa kukaa, na inafungwa kwa bolti kwenye kifuniko cha mbele wakati wa kukaza. Ikikaa vibaya gari litawaka na kwenda, lakini litatetemeka mpaka vioo, na utatumia pesa kununua injini maunti zisizo na kosa.

Spea za kununua kabla gari halijapandishwa jeki: belti ya taiming, belti ya pampu ya oili na tenshena zake kama gari ni Ford, tenshena na roli kama ni PureTech, bolti mpya ya puli, sili ya mbele ya krankshafti, silikoni ya injini, chujio la pampu au sampu kulingana na linavyouzwa, oili yenye namba sahihi, na filta mbili za oili. Ndiyo, mbili. Pampu ya maji kwenye injini hizi inaendeshwa na belti ya nje, kwa hiyo anayekuwekea pampu ya maji kwenye bili kama sehemu ya lazima ya kazi hii ana kichwa cha EJ20, ambayo pampu yake ya maji inazungushwa na belti ya taiming. Kwenye maduka ya spea ya Kisekka au Ndeeba, Kampala, mpe muuzaji namba yote 17 ya chasisi, kisha linganisha namba ya spea kwenye boksi na ile iliyochapwa kwenye belti yenyewe. Hesabu meno ya mpya na ya zamani. Belti kavu inayofanana kwa urefu na meno haiwezi kuishi humu. Itakuwa uji kabla ya sevisi ya pili.

Wakati kila kitu kiko wazi, sampu lazima ishuke. Kubadilisha belti bila kushusha sampu ni kufagia ukumbi na kuacha takataka nyuma ya mlango, na ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote. Toa chujio, toa valvu za mfumo wa kamshafti na usafishe vichujio vyake, na kwenye PureTech kagua njia ya oili ya pampu ya breki. Kifuniko cha mbele kikishafungwa na bolti ya puli ikishakazwa, zungusha injini mara mbili kamili kwa mkono, uelekeo wake wa kawaida tu, kisha rudisha pini. Zikigoma kuingia hata kwa upana wa unywele, anza upya.

Usiwashe moja kwa moja. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, zungusha starta sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi. Turbo inayoanza kavu inazunguka haraka kuliko oili inavyoweza kuifikia. Injini ikishapata moto, pima presha kwa geji ya mkono kwenye tundu la swichi ya oili; ikiwa chini ya bar 1 bila kukanyaga mafuta, usimkabidhi mtu funguo, kuna kitu bado kimeziba.

Filta ya pili ni ya kilomita 1,000. Mwaga oili ingali inaonekana mpya, toa filta, ikate, tandaza karatasi yake juu ya gazeti kwenye jua. Punje chache nyeusi ni makombo ya belti ya zamani yaliyokuwa yamejificha kwenye mapito. Rudia tena kwenye 3,000 na zitakuwa zimekwisha. Vipande vinavyong'aa ni chuma cha beringi, na hayo ni mazungumzo mengine, marefu na ya ghali.

Kisha chukua kalamu ya rangi nyeupe isiyofutika, andika juu ya kifuniko cha mbele, mahali atakapoona aliyefungua bonneti bila kuinama: tarehe, kilomita, namba ya belti na namba ya oili. Makanika wa Mbarara atakayelifungua gari hili miaka minne ijayo hatakuwa na kitabu chako wala simu yako.